Maganda Niliyoyang'arisha Mno

Turffontein, Jumapili, Julai 2017

Baridi ya leo imeniuma hadi kwenye meno, na kanisani sikwenda. Nimemwambia mke wangu kichwa kinauma. Uongo mtupu. Nimeshindwa tu kukaa benchi moja na kaka yake.

Jana nilimpeleka huyo shemeji, Dieudonné, kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha. Alikuwa ananiomba tangu nilipopata leseni ya bunduki. Nikampa apige risasi nilizojaza mwenyewe gerejini: naokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, natia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya, na kichwa kipya cha risasi. Njia nzima nilikuwa najisifu. Eish, mdomo wangu.

Alipiga mbili vizuri, akacheka kama mtoto. Ya tatu ganda lilikatika karibu na kitako, moto ukarudi nyuma ukampiga usoni. Miwani ya klabu ndiyo iliyomwokoa. Shavu limeungua.

Shemeji ni fundi cherehani. Watoto wake wanakula kwa macho yake.

Mzee anayesimamia uwanja aliokota lile ganda, akauliza risasi zimetoka wapi. Nikasema nimenunua dukani. Neno lilinitoka tu, hata sikufikiri. Mzee akamgeukia Dieudonné, naye akiwa na kitambaa chenye maji shavuni akanitazama kidogo, kisha akajibu, "Ndiyo, za dukani."

Hakuniuliza kitu njia nzima ya kurudi. Afadhali angenitukana.

Leo nyumba ilipobaki tupu niliingia gerejini kutafuta kosa, na moyoni nikiomba liwe la bunduki. Nilichukua maganda matupu ya kundi lilelile la risasi za jana, nikapitisha ndani waya niliokunja ncha. Ganda zima, waya unateleza mpaka chini. Ganda lililochoka, waya unanasa juu kidogo ya kitako, mahali shaba imekonda kwa kupigwa na kujazwa tena na tena. La kwanza ulinasa. La pili ulinasa. Nilikaa chini.

Ubovu huo hujionyesha hata kwa nje, kwa mstari mwembamba unaolizunguka ganda. Nilifundishwa palepale klabuni: kagua kwanza, ndipo usafishe. Lakini mimi ni mtoto wa Lubumbashi, mji wa shaba, na kwetu kitu cha shaba kisichong'aa ni aibu ya nyumba. Kwa hiyo naanza kusugua. Nasugua mpaka ganda linakuwa kama pete ya harusi, nalipiga picha, nawatumia jamaa wa kwetu wanisifu. Ule mstari niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikukosa kujua. Nilitaka sifa. Naandika hivyo na uso unanichoma.

Nilidhani aibu imefika mwisho. Mchana mke wangu amerudi kutoka kanisani anatabasamu. Anasema kaka yake alisimama wakati wa ushuhuda, bandeji shavuni, akaeleza jinsi Mungu alivyomnusuru na risasi mbovu za dukani. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akalia. Kisha akaomba kanisa lote liniombee mimi, maana shemeji yake amepata mshtuko.

Nilienda kusimama uani, nikijifanya natafuta kuni.

Mtu ninayemjua kuwa hadanganyi hata mteja kuhusu siku ya kuchukua suti, amedanganya mbele ya Mungu ili mimi nisiaibike. Na mimi asubuhi nilijilaza kitandani na blanketi kichwani, naumwa uongo, mpaka nyumba ilipobaki tupu.

Maganda yote ya kundi lile nimeyaponda kwa nyundo, nimebakiza moja tu. Kesho kabla ya zamu nitapita kwa yule mzee wa uwanja nimwambie ukweli; akinifukuza klabuni, sawa. Kisha niende kwa Dieudonné na ganda hilo moja na waya, aushike mwenyewe, asikie unaponasa.

Ushuhuda wa Jumapili ijayo ni wangu. Huo sitausugua.