Mvumo Nisiousikia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Juu ya meza ya kulia kuna kasha la bati, spika moja pana kama sinia, na valvu nne kubwa — zile taa za kioo — nilizozitoa kwenye mashine ya jumba la sinema lililofungwa. Mke wangu kauliza tutakula wapi. Nimemwambia magotini.

Itakuwa amplifaya ya besi ya kizamani hasa. Nzito, ya kubebwa na watu wawili. Siku hizi kila mtu ana kidude cha plastiki kinachoingia kwenye begi, halafu anashangaa besi yake inalia kama mbu.

Niandike na sababu, maana hapa sina wa kumficha. Bendi tuliianzisha wawili, mimi na mdogo wangu, sebuleni kwa mama. Miaka ishirini na sita nimepiga besi, yeye kaimba. Mwaka jana akaniita pembeni: kaka, pumzika kidogo. Pumzika! Kama vile nilikuwa nabeba magunia. Eti besi yangu na dramu haziendi pamoja tena. Mpiga dramu ndiye anayekimbia, tangu ujana wake anakimbia, lakini aliyepumzishwa ni mimi.

Sasa kuna onyesho kubwa la bendi, Jumamosi tarehe 22, saa kumi jioni. Nimempigia Mheshimiwa — ndivyo ninavyomwita mdogo wangu tangu aanze kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikamwambia nakuja na amplifaya yangu. Akasema ikiwa safi, haina kelele, nitapiga. Simu ilikuwa mbovu, ilibidi mke wangu anirudilie maneno. Lakini ndivyo alivyosema, na shahidi ninaye.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima nasuka transfoma. Waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu mbili na mia nne, kwa mkono. Kazi hii haitaki akili, inataka hesabu na kunyamaziwa.

Nimefika elfu moja mia tisa na kitu. Nainua macho, mke wangu yuko mlangoni, midomo inacheza. Nikasema nini. Akarudia. Nini? Ndipo akapiga ukelele kwamba chai inapoa. Siku hizi ndivyo alivyo: ama ananong'ona, ama anafoka, katikati hakuna. Hesabu ikapotea. Nimekadiria.

Halafu karatasi ya nta ikaniishia, ile inayotenga tabaka moja la waya na jingine. Dukani ni mbali na nilikuwa na hasira. Nimechana kurasa mbili za daftari hili, nikazikunja, nikaendelea. Karatasi ni karatasi.

Jumapili, 9 Machi

Imewaka!

Mkono mmoja kwenye swichi, mwingine mfukoni, kama alivyonifundisha fundi wangu wa kwanza. Umeme ukikuingia mkono huu usipate njia ya kutokea ule mwingine kupitia moyoni. Valvu zikaanza wekundu hafifu, kisha rangi ya machungwa. Nimekaa kuziangalia kama mjinga. Nimefurahi, niseme ukweli, nimefurahi sana.

Nikachomeka gita. Sauti ndogo. Nikaongeza. Bado ndogo. Nikaongeza tena — mara mke wangu kaingia ameziba masikio kwa viganja, nyuma yake glasi imeanguka kabatini na kuvunjika. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuisikia.

Kanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuchukua ufagio.

Jumanne, 11 Machi

Nimepigwa chenga na mke wangu mwenyewe. Twende hospitali, kasema, macho yananisumbua. Tumefika, macho yake mazima, mlango tulioingia una picha ya sikio.

Daktari mtoto mdogo. Kanifungia kwenye kijichumba chenye godoro ukutani, kanivika vipokea sauti masikioni, kanipa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Nikasubiri. Kimya. Nikasubiri. Hapo nikafanya anachofanya mwanamuziki yeyote mwenye akili: nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, bonyeza. Moja, mbili, tatu, bonyeza. Nilikwenda na mapigo safi kabisa, hata mpiga dramu wetu angejifunza.

Nilipotoka daktari akanionyesha karatasi. Aliandika ili nisome, maana anaongea kama ana pamba mdomoni. Milio haikuwa inakuja kwa kupokezana sawasawa, mzee. Iliruka ruka kwa makusudi. Umebonyeza mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kasema si kawaida, wengi hupoteza sauti nyembamba kwanza. Mimi zimekimbia nzito. Akataka nirudi kupimiwa kifaa cha kuvaa. Nikamshukuru kwa adabu. Ndani ya gari sikumsemesha mke wangu, naye hakunisemesha, au alinisemesha, sijui.

Jumamosi, 15 Machi

Mheshimiwa kaja na mpiga dramu. Wamekuja na mixa ya kuchanganya sauti, maana ukumbini amplifaya itaungwa na mitambo mikubwa, wakataka kuona zinavyoelewana. Tumeunga. Nimewasha.

Wametazamana.

Nikasema vipi. Mheshimiwa kakunja uso, kaonyesha spika kwa kidole. Inavuma, kaka. Mpiga dramu akatikisa kichwa: inavuma vibaya, kama jenereta la jirani. Nikainama, nikaweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Hakuna kitu. Amplifaya safi, kimya kabisa. Nikawaambia kinachovuma ni vichwa vyao.

Mheshimiwa akanishika bega. Akaongea polepole, midomo wazi, kama anayeongea na mtoto au mgeni: rekebisha, kaka, ahadi yangu ipo palepale. Wakati wanatoka nimewaona kupitia dirishani wamesimama kwenye gari, wanaongea, mpiga dramu anagusa sikio lake. Wamekula njama. Hawanitaki, wametafuta cha kusingizia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeazima mixa ya rafiki, nimeiunga, nimechukua mita ya kupimia umeme. Inasema kuna kitu kinapita kwenye spika hata gita likiwa kimya. Nikapima tena. Kipo. Nikajiambia mita nayo imezeeka.

Basi nikamwita mke wangu, shingo upande. Nikamkalisha kwenye kiti, mimi nabadilisha, yeye anasikiliza. Nikahamisha waya. Bado. Nikabadili kapasita. Bado. Nikageuza transfoma. Imepungua, hapana, bado. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana amekaa pale hajalalamika, mikono mapajani, anatikisa kichwa tu. Nikamuuliza kwa hasira, huo mvumo wenu ukoje hasa?

Akainuka. Akauchukua mkono wangu, akauweka kooni mwake, akafumba mdomo. Koo lake likatetemeka kwenye vidole vyangu, kwa muda mrefu, bila kupumzika. Mdomo wake nauona umefumba. Sikusikia chochote. Yuko umbali wa shubiri moja, na sikusikia chochote.

Nimeogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya kufiwa na mama.

Yeye alikuwa analia. Nikamwambia sasa nimeelewa, inatosha.

Jumanne, 18 Machi

Dawa ninayo. Kila mpiga gita mkongwe anaijua na kila fundi wa kweli anaikataza. Nimefungua plagi, nikakata waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme ardhini kasha likipata hitilafu. Mashine mbili zikiungwa, mvumo wa aina hii huzunguka kupitia waya huo. Ukiukata, mzunguko unakufa.

Kuna njia halali. Unafungua kasha, unazikusanya ethi zote za ndani sehemu moja, unajaribu, unasikiliza, unahamisha, unasikiliza. Kazi ya siku mbili kwa mwenye masikio.

Nimeiunga tena na mixa ya rafiki, nimemwita mke wangu. Kasikiliza. Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Imenyamaza, kasema, na hilo nililisoma midomoni bila shida.

Jumatano, 19 Machi

Nimegusa kasha mchana, mkono una jasho. Limenitekenya. Kidogo tu, kama mdudu anayepita chini ya ngozi.

Nimeliacha. Nikarudi, nikagusa tena. Limenitekenya.

Najua ni nini. Transfoma inavujisha umeme kwenye bati, pale nilipoweka karatasi za daftari badala ya nta. Ethi ingekuwepo, uvujaji huo ungekwenda zake ardhini na mtu asingejua. Sasa umekaa kwenye bati unasubiri. Kutoka kwenye bati unapanda waya wa gita mpaka kwenye nyuzi. Anayepiga akiwa hajagusa kingine, anatekenywa tu. Akigusa kitu chenye ethi, hapo ni habari nyingine.

Lakini mimi nitakayepiga najua. Sitagusa kitu. Nitasimama kwenye ubao mkavu, viatu vya mpira. Baada ya onyesho nitasuka transfoma nyingine, kwa karatasi halali. Naahidi.

Alhamisi, 20 Machi

Mheshimiwa kaja saa nne. Kasikiliza. Kimya. Kazungusha vitufe vyote mpaka mwisho. Kimya! Akapiga noti moja, nikaiona kwenye maji ya glasi, nikaipata kwenye nyayo. Akanikumbatia. Kaka, fundi kama wewe hayupo tena. Hayo niliyasikia, mdomo wake ulikuwa kwenye sikio langu la kulia.

Kisha kakaa. Kavua miwani. Kachukua simu yake, kaandika, kanigeuzia nisome.

Kaandika kwamba mke wangu amemweleza habari za hospitali. Kwamba ananipenda. Kwamba hawezi kunipandisha jukwaani nikaumbuka mbele za watu. Besi atapiga yeye mwenyewe huku anaimba, amefanya mazoezi mwezi mzima. Sauti ya kaka itakuwepo, kaandika. Kiti cha mbele nimekuwekea.

Mwezi mzima. Nilipoanza kusuka transfoma alikuwa tayari anafanya mazoezi.

Nimevishwa kilemba cha ukoka kwenye meza yangu mwenyewe. Sikutukana. Nilimsaidia kubeba mpaka kwenye gari, yeye mbele mimi nyuma. Nikamwambia asiinamishe, valvu zitaumia. Nikamwambia aiache ipoe kabla ya kuihamisha. Niliyasema yote ya lazima isipokuwa moja.

Ijumaa, 21 Machi

Sijamwambia. Kesho asubuhi nitamwambia.

Mke wangu kapiga pasi nguo mbili, yake na yangu. Nimemwambia siendi. Kaandika kwenye kijikaratasi: nilimweleza kwa sababu nakuonea huruma. Huruma! Nimekirudisha.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nane. Mke wangu kaondoka mapema na wifi yake. Kanibusu kichwani. Asubuhi imepita, sijampigia Mheshimiwa. Nilinyoa. Nilifagia shaba chini ya meza. Nilijiambia atakuwa amelala, kisha atakuwa njiani, kisha atakuwa na watu.

Saa tisa na robo. Nimekaa kwenye kiti hapa nyumbani, nikaliona jukwaa kichwani. Niliona mikono yake kwenye nyuzi, na mdomo wake. Mdogo wangu haimbi mbali na maikrofoni hata siku moja, huigandisha kwenye midomo kabisa. Tangu utotoni tulimcheka kwa hilo. Na maikrofoni ina ethi ya mixa. Nyuzi mikononi, chuma mdomoni, na moyo katikati.

Nimemtumia ujumbe. Haujasomwa. Mke wangu, haujasomwa, simu yake iko kwenye mkoba. Mpiga dramu, haujasomwa. Nimemwandikia dereva wa teksi, kajibu dakika kumi na tano. Ukumbini ni nusu saa.

Niandike na hili wakati namngoja. Sikusahau. Tangu juzi nataka kuandika kwamba nilisahau na kalamu inakataa. Nilinyamaza kwa sababu kumwambia kulimaanisha kukiri kwamba nilikata waya kwa kuwa siwezi kusikiliza. Na nilinyamaza kwa sababu, alipovua miwani ile, nilimchukia.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili. Nimempigia. Mara ya kwanza imeita mpaka ikakatika. Mara ya pili imepokelewa — kwenye kioo sekunde zimeanza kuhesabu, kwa hiyo kuna mtu. Nimesema: zima amplifaya. Usiguse maikrofoni. Ethi nimeikata mimi. Nimesema mara tatu, nimepayuka mpaka kifua kinauma. Nimesema sisikii, sisikii kitu, mdogo wangu, mimi ni kiziwi, nitumie maandishi.

Upande wa pili kuna kitu. Mtu anaongea, au anacheka, au wanajaribu vyombo. Nimehamisha sikio la kulia, la kushoto, la kulia tena. Nimeibana simu kwenye mfupa wa taya. Kuna mtetemo, basi.

Dakika ya nne. Ujumbe bado haujasomwa. Teksi haijafika. Simu iko mezani, uso juu, naandika huku naiangalia. Aliyepokea hajakata, na mimi naogopa kukata. Sekunde bado zinahesabu.