Keria Iliyofungwa Jumapili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: hujulikana mtaani kama Mwalimu Mizani
Umri: miaka 71
Kazi: mwalimu mstaafu wa fizikia
Makazi: nyumba ya kona, mkabala na karakana ya mchomeleaji
Uhusiano: ameoa dada wa dereva, ni jirani wa mchomeleaji aliyekamatwa

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Namwomba afande aandike taratibu, kwa kuwa nina mazoea ya kueleza.

Pikapu inayozungumzwa ni ya shemeji yangu, fundi wa matangi ya maji. Nyuma ina kanopi, yaani kile kibanda cha faiba kinachofunika sehemu ya mizigo ili vifaa visiloane wala kuibiwa. Ngazi zake ni ndefu kuliko kibanda hicho, kwa hiyo kwa muda mrefu alitaka kuweka keria ya chuma juu ya paa lake. Swali lilikuwa iwekwe au isiwekwe, na ikiwekwa, ishikiliwe na nini.

Mnamo Ijumaa tarehe 6 mwezi huu, saa kumi jioni, nilivuka naye barabara hadi kwa mchomeleaji tunayemwita Cheche. Cheche aliingia ndani ya kanopi, akalala chali, akaigonga dari kwa vidole, kisha akatoka akijipangusa vumbi. Alisema, "Mzee, hii ni kofia. Mzigo haubebwi na kofia, hubebwa na kichwa." Alishauri keria iwe na miguu ya chuma itakayopita pembeni mwa kanopi na kushuka hadi kwenye bodi ya gari, na akasema kazi hiyo ingeisha Alhamisi. Shemeji alitaka iwe tayari Jumatatu, kwani alikuwa na kazi ya matangi katika shule moja nje ya mji. Cheche alikataa. Shemeji akamtania, tangu lini mchomeleaji akaogopa paa. Cheche akamjibu kuwa paa haliogopi, anaogopa kona.

Nilimuunga mkono Cheche, na nieleze kwa nini. Gari likisimama, ngazi ni ngazi tu. Gari likikata kona au likifunga breki, ngazi hutaka kuendelea na safari yake, na upepo nao huiinua kwa chini kama unavyoinua mwavuli. Faiba haijipindi kwanza ikakuonya kama bati. Huvumilia, huvumilia, kisha hupasuka mara moja. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wengi hawaliwezi, akasema, "Haya, tusubiri Alhamisi." Nilirudi nyumbani nikijua shauri limekwisha.

Afande anapaswa kujua pia desturi ya Cheche. Hakuna kazi inayotoka kwake kabla aliyeiagiza hajaikalia mbele ya watu. Aliyeagiza kitanda hukilalia. Aliyeagiza geti huning'inia. Hata kiongozi wetu wa dini alipandishwa juu ya meza yake ya chuma, akakaa pale kimya kama mwanafunzi, na mtaa mzima ukitazama.

Jumapili tarehe 8, baada ya chakula cha mchana, shemeji alileta uani kwetu keria kuukuu aliyoinunua kwenye magari mabovu. Karakana ya Cheche ilikuwa imefungwa. Shemeji alitoboa paa la kanopi kwa drili yake mwenyewe akapitisha bolti. Hakuwa na washa pana, vile visahani vya chuma vya kuweka chini ya nati. Mke wangu huuza soda dirishani, basi shemeji akaokota vizibo, akavipondaponda kwa nyundo kwenye ngazi ya mlango wetu, akavitumia hivyo. Nilimwambia hizo si washa, ni vizibo. Alisema chuma ni chuma. Mke wangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alimletea maji ya kunywa akamwambia, "Basi ikalie, kama watu wa Cheche." Alicheka. "Dada, mimi sipandi. Zitapanda ngazi."

Hakuikalia.

Jumatatu asubuhi, kwenye mzunguko wa sokoni, mimi sikuwapo, hivyo sitasema nisichokiona. Najua nilichoambiwa hospitali na mwuza maziwa mwenyewe, kwamba keria iling'oka kwenye kona, na ngazi ikamkuta juu ya baiskeli ikamvunja mguu. Aliniuliza nani atakamua, maana ng'ombe hawana habari ya mguu. Nilipotoka huko nilikuta Cheche amekwisha kuchukuliwa na polisi, kwa sababu shemeji aliwaambia keria ni kazi ya Cheche.

Jioni hiyo shemeji alikuja kwangu. Hakuniomba niseme uongo. Aliniomba ninyamaze. Alisema Cheche hana mke wala mtoto, atakaa ndani kidogo kisha atatoka, lakini yeye akifungwa wanawe watakuja kulia mlangoni kwangu. Nilimwambia waje hata leo, sahani zipo, lakini kunyamaza sina. Akasema, "Kumbuka undugu, shemeji." Nikamjibu, "Nimeukumbuka, ndiyo maana nakwambia kabla sijaenda." Aliondoka bila kuaga.

Mke wangu alikuwa jikoni muda wote na hakutokeza. Leo asubuhi nilikuta shati langu jeupe limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Tumekuja pamoja. Amekaa kwenye benchi nje.

Naomba bolti za keria hiyo zifunguliwe. Vikikutwa vizibo, uulizwe mtaa mzima kama Cheche amewahi kufunga kazi kwa vizibo, na kama kuna aliyemwona shemeji yangu amekaa juu ya keria ile. Yeye bado ni shemeji yangu. Nikitoka hapa nitapita kwake kumshauri aje mwenyewe kabla hajafuatwa.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, na nayakubali kuwa ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Jumanne tarehe 10, saa nne asubuhi

Maelezo ya askari mwandishi: Nimemwandika shahidi kama alivyosema na kumsomea. Keria imekaguliwa uani mwa kituo mbele yake. Chini ya nati tatu vimekutwa vizibo vya soda vilivyopondwa. Nati ya nne haipo. Tulipokuwa tukirudi ndani, mke wa shahidi alisimama kutoka kwenye benchi akaomba naye aandikwe. Nimefungua karatasi mpya. Ameanza hivi: "Vizibo ni vyangu, na dereva ni mdogo wangu wa tumbo moja. Andika."