Kofia ya Shangazi Sylvie

Winson Green,
Birmingham.
Jumamosi, 14 Machi 2026

Mpendwa Shangazi Sylvie,

Bwana asifiwe, Shangazi. Habari za Kayole? Goti lako limepona, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima. Mama bado anafanya usafi hospitalini, zamu ya asubuhi. Héritier, ingawa ni mdogo wangu, amekuwa mrefu kunipita, na ukimsemesha Kiswahili anasikia kila neno lakini anajibu kwa Kiingereza. Papa, kaka yako, pia ni mzima. Baridi imepungua kidogo.

Ningekupigia simu, ila unanijua. Kwenye simu ninabaki kusema "ndiyo, Shangazi" tu mpaka unaniaga. Barua hii ataileta Bi Vandana, jirani yetu aliyezaliwa Kisumu. Jumatatu anasafiri kumwona dada yake hapo Nairobi. Nyumba zetu zimeshikana ukuta, kwa hiyo anasikia kila ninachopiga. Juzi aliniita nje: "Sabine, ule wimbo wako wa ng'ombe, leo tena umekosea palepale." Kwake yeye muziki wote wa kantri ni nyimbo za ng'ombe.

Shangazi, ninaogopa.

Nimetunga wimbo. Ni kantri, kama zako. Unahusu ile asubuhi tulipoondoka Nairobi, mimi nikiwa na miaka minane, nawe umesimama barabarani na gitaa mgongoni kwa sababu hukutaka kuliacha nyumbani peke yake. Kiitikio kinasema Mungu alipanda ndege na sisi, na bado akabaki na wewe. Nilimwimbia Mama jikoni, Mama akamwambia Pasta Hugues, na kesho ninauimba kanisani kwetu kule Newtown. Papa, kama kiongozi wa kwaya, ndiye atakayenipigia kinanda.

Kuimba mbele za watu kunanitisha, lakini siyo hilo. Kanisani kwetu wimbo mpya hauimbwi bila ushuhuda. Unasimama, unawaambia watu wimbo umetoka wapi na nani alikufundisha, ndipo unaanza.

Na huu umetoka kwako. Wewe ndiye uliyenikalisha juu ya ndoo ukaniwekea vidole kwenye nyuzi, redio ikipiga kantri kila Jumapili kabla ya ibada. Ulisema ulizipenda nyimbo hizo kwa sababu zilikukumbusha Nyanya kule Uvira, alivyokuwa akisali kwa kuimba huku anapepeta mchele, na akifika mahali pa kulia analia, halafu anaendelea na ubeti. Ulisema kantri ni ushuhuda wenye gitaa. Hilo sijalisahau.

Sasa, sijui kama ulishaambiwa hili. Nisamehe kama mimi ndiye wa kwanza. Mwaka juzi mtu mmoja wa kwaya alileta video yako kwenye simu, ukiimba Jumamosi katika ile hoteli unakopigia muziki, na kofia yako pana ya kantri kichwani, na chupa za bia mezani. Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Kiongozi, huyu mama mbona mnafanana pua?" Papa akaitazama ile simu, akasema, "Huyo mwanamke simjui." Nilikuwa nimesimama pale, vitabu vya nyimbo mkononi. Tangu siku ile jina lako halitajwi nyumbani.

Kwa hiyo kesho, ama nitadanganya mbele za Mungu nimeshika maikrofoni, ama nitamfanya Papa mwongo mbele ya kwaya yake. Sijalala vizuri. Nilifikiri niseme ninaumwa koo. Mama alinitazama tu. "Koo lako ni zima," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Niombee. Najua ukisoma hapa Jumapili itakuwa imeshapita. Niombee hivyo hivyo.

Jumapili, jioni

Shangazi, nimesema.

Niliposimama, gitaa liligonga stendi ya maikrofoni. Papa aliniuliza kwa macho ninaimba kwa noti gani, nikamwambia, "Sol, Papa." Halafu nikafumba macho, nikasema kuimba hivi nimefundishwa na shangazi yangu Sylvie, mdogo wa Papa, yule mwenye kofia. Sikusema zaidi.

Nilipofumbua macho, mikono ya Papa ilikuwa magotini.

Nilisubiri kinanda. Hakikulia. Nikaanza peke yangu, na palepale pa Bi Vandana nikakosea tena. Ubeti wa pili nililia, nikafanya kama Nyanya, nikaendelea. Papa hakupiga hata noti moja.

Tulipanda gari kurudi nyumbani. Héritier aliniegemea, akaninong'oneza, "Dada, uliimba vizuri." Kwa Kiswahili, Shangazi. Papa alikuwa anatazama barabara tu, na mimi nikawa natazama shingo yake.

Tangu tufike nimejifungia chumbani. Kila nikisikia hatua kwenye ngazi ninasikiliza kama ni za Papa. Alhamisi ana mazoezi ya kwaya, na sijui atawatazamaje, wala wao watamwita nini.

Papa alikuja sasa hivi tu. Alisimama mlangoni, akaiona karatasi.

"Unamwandikia Sylvie?"

Karibu niifiche chini ya mto. "Ndiyo, Papa."

"Muulize kama ile kofia ameitunza." Akashika kitasa cha mlango. "Ni yangu. Niliivaa mimi kabla yake, tulipokuwa tunaimba wawili."

Akafunga mlango polepole, akashuka.

Sikujua Papa aliwahi kuimba kantri. Hamkuniambia. Na sijui kama ile ni hasira au ni kitu kingine, sauti yake haikuonyesha.

Shangazi, ninakuomba kitu kimoja. Swali la kofia usinijibu mimi. Mwandikie yeye.

Wasalimie sana watoto wako, Damien na Rosine, waambie dada yao wa Birmingham anawakumbuka. Mama anakusalimu, amenituma waziwazi nikuandikie hivyo. Mungu aliyebaki nawe siku ile barabarani aendelee kukulinda, na hilo goti pia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye, ingawa ninaogopa,

Sabine