Nilitoa Ushuhuda wa Mguu Ambao Haukuwahi Kuuma

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika na tafadhali usinicheke, mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, fundi wa kushona, na shida yangu ni kwamba sina shida. Mume wangu ni fundi bomba, anarudi mapema, anaimba akiosha vyombo, watoto wanafaulu, na mama mkwe ananipenda mpaka mawifi zangu wananuna. Sasa kanisani, kikundi chetu cha akina mama hutoa ushuhuda kila Alhamisi, na wenzangu wametoka mbali, mmoja nyumba iliungua, mwingine aliugua mpaka akaandika wosia, na mimi zamu yangu ikifika nasema, "Namshukuru Mungu kwa uzima," nakaa, halafu kiongozi wetu akasema asiyepita kwenye tanuru la mateso hajui wokovu, na siku hiyo nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja nikijiuliza kama kweli nimeokoka au nimejiandikisha tu.

Basi mwezi uliopita shetani akanipitia, nikasimama nikasema kwamba kabla ya kuhamia mtaa huu nilichechemea miaka saba, madaktari wakashindwa, nikatupa dawa, nikaomba, asubuhi moja nikatembea. Shangazi, vigelegele vya siku ile! Habari zikamfikia mume wangu, akaniuliza jikoni, "Mke wangu, ulichechemea lini, na mimi nilikuwa wapi?" Hayo ningeyameza, ila jirani anayeniuzia vifungo na zipu ana kisukari na kidonda mguuni, na jana alikuja kibandani kwangu anacheka kwa furaha, akasema, "Dada, umenifungua macho. Kliniki siendi tena, kuanzia leo naomba tu kama wewe." Nikasema, "Amina." Tangu hapo nimejichoma sindano mara tatu, na Jumapili nimepangwa kushuhudia mbele ya kanisa zima, nikisema kweli nitaumbuka, nikinyamaza yule dada atapoteza mguu, nifanyeje?

Ni mimi, Mzima wa Miguu Yote Miwili.

SHANGAZI ANAJIBU

Mzima wa Miguu, nisamehe, nimecheka. Nilipofika kwenye swali la mumeo nilishindwa kujizuia. Kisha nikafika kwa muuza vifungo, na kicheko kikakatika. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na yako imeishia kwenye kidonda cha mwenzio.

Kwa hiyo tuanze naye. Ukimaliza kusoma hapa, funika cherehani uende kwake. Usipige simu. Mwambie, "Dada yangu, nilidanganya, mguu wangu haujawahi kuuma." Akikufokea, fokewa. Akimaliza, mshike mkono mwende kliniki leo hii, na kama dawa kazitupa mwambieni daktari bila kuficha. Kuomba aendelee kuomba, nani amekataza? Anaweza kuomba hata akiwa kwenye foleni.

Sasa tanuru lako. Nani kakwambia mateso ndiyo nauli ya mbinguni? Fungua Biblia, soma habari za Kalvari. Wahalifu wawili walitundikwa, kulia na kushoto kwa Bwana, jua lilelile, maumivu yaleyale. Kama maumivu ndiyo yanayookoa, wangeokoka wote wawili. Lakini mmoja alibaki na matusi yake, na mwenzake aliomba tu akumbukwe, akapewa nafasi peponi siku hiyohiyo. Hakuwa na kitu cha kulipa. Na wewe umepewa bure, ukaona haya kupokea, ukaenda kuazima kilema! Kiongozi wenu naye akiniandikia, nina majibu yake.

Tena humohumo yumo mtu aliyekuwa anatoka zake shamba, hana hili wala lile, akakamatwa njiani abebe msalaba usio wake. Alichaguliwa akiwa mzima. Mungu hakukupa miguu mizima uionee aibu, kwa hiyo itumie kumsindikiza muuza vifungo kila siku ya kufungwa kidonda, mpaka kipone.

Jumapili simama, sema kweli kwa sentensi tatu, ukae. Wataguna, na mawifi watapata la kusema mwaka mzima. Itauma, nami nakuonea huruma kweli. Lakini si ulikuwa unatafuta mateso? Haya, hayo yako, dakika tano tu. Na mumeo akae benchi la mbele, safari hii asije akauliza alikuwa wapi.