Punje Iliyolia

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na Shemeji na watoto, kila mmoja na fungu lake asije mtu akanuna. Natumaini mguu wa Mama umepungua uvimbe na ile cherehani yako haijakususia tena. Mimi mwili ni mzima. Kilicho kibovu nitakieleza, ila nivumilie, maana nazungukazunguka kwa aibu.

Uliwahi kuniuliza hasa nasomea nini huku, nikakujibu kwa maneno marefu mpaka ukasinzia kwenye simu. Kwa kifupi, tunatafuta umbo la protini, kitu kidogo kisichoonekana hata kwa darubini. Unaibembeleza kwenye tone la maji yenye chumvi na dawa mpaka ikubali kugeuka fuwele, punje inayong'aa kama ya sukari. Fuwele hiyo unaipeleka kwenye mashine kubwa ya eksirei, na picha yake ndiyo inayokuonyesha umbo. Bila fuwele huna picha, na bila picha huna shahada ya udaktari.

Zangu zilipotokea nilipiga ukelele hadi mfagiaji akaja mbio akidhani nimeungua. Nikampigia Mama papo hapo. Mama naye unamjua: kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari, na jirani akaanza kuniulizia dawa ya magoti.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Yupo mwenzangu hapa maabara, mwanafunzi kama mimi, tunamwita Sindano kwa sababu ya wimbo wake mmoja: choma kwanza. Aliniambia kwa upole nitoe punje moja niichome kwa sindano. Ile chumvi ya kwenye tone nayo huweza kuganda ikapendeza vilevile. Lakini protini ni laini, ukiichoma inasagika kama sabuni iliyolowa, na chumvi inagoma, halafu inapasuka kwa mlio. Nilimjibu mbele ya wenzetu kwamba ana wivu. Wakacheka. Yeye akatabasamu akarudi kwenye darubini yake.

Zamu ya kwenda kwenye mashine, ambayo ni safari ya kutwa kutoka hapa, ilikuwa ya Sindano. Fuwele zake hazivumilii kugandishwa kwa baridi ili zihifadhiwe. Zisipopigwa picha zikiwa mbichi zinaharibika. Profesa anayetusimamia alipoziona zangu, kubwa na zenye kingo kali, alimwomba anipishe. Alikubali. Tena aliifunga sahani yangu ya fuwele ndani ya sanduku lake mwenyewe, akaizungushia skafu yake isitikisike njiani.

Dada, ilikuwa chumvi. Picha ya protini huwa na madoa mengi yaliyobanana. Yangu yalikuwa machache, makubwa, yameachana kama meno ya Babu. Fundi wa mashine aliniuliza kama nilichoma hata moja. Nikamwambia sikuwahi. Miaka yote hii ya shule, nimetengeneza kitu ambacho Mama angemtuma mtoto dukani akinunue.

Niliporudi, fuwele za Sindano zilikuwa zimegeuka ute. Picha ya fuwele hizo ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia kabla ya kurudi nyumbani, ambako binti yake analelewa na bibi na alishaahidiwa kwamba mama anakuja. Sasa anaanza upya. Nilimsikia akimwambia mtoto kwenye simu asubiri kidogo tu. Mimi hakunilaumu hata kwa jicho. Alinitengenezea chai, akasema haya humkuta kila mtu, akanipa sindano moja katika zake ili siku nyingine nisiogope kujua. Profesa naye anajilaumu kwa kutonilazimisha kuchoma. Wote wananihurumia.

Sistahili. Nilichoma, Dada. Jioni ya kuamkia safari, wenzangu wakiwa kwenye mkutano, nilitoa punje moja nikaichoma. Iligoma, kisha ikalia tik. Niliusikia mlio ule vizuri kabisa. Nikafuta kioo nilichochomea, nikafunika sahani. Sindano alikuwa nao, chumba cha pili tu, ningeweza kumwita nikamwambia aende yeye. Lakini nilimfikiria Mama anavyoniita Daktari, nikawafikiria wale waliocheka, nikajiambia huenda punje nyingine si kama hiyo. Niliondoka na skafu yake nikijua.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu ningekata katikati. Kesho asubuhi tutakapokutana wote nitamwambia Sindano, mbele ya wale wale. Huenda nikafukuzwa. Safari hii usinitafutie maneno ya kunipoza. Nilichukua zamu ya mama wa watu, na mtoto wake bado anaangalia mlangoni.

Msalimie Shemeji, wabusu watoto. Mama mwambie asikanyagie mguu ule bado, na aache kuniita Daktari. Sababu nitampa mwenyewe. Barua hii naiposti kabla sijaingia maabara, nisije nikajitafutia mlango wa kutokea.

Skafu bado ninayo. Nimeifua na kuikunja, na nitampa nikishamaliza kusema, kama atakubali kuipokea mkononi mwangu.

Mdogo wako mwenye aibu,
Kitindamimba