Picha ya Kukataa

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Kisangani. Hapa Kindu tuko wazima, na nyanya yako ameacha mkongojo. Unauliza uanze na picha gani katika kitabu cha mtoto wako ambaye bado hasemi. Nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Enzi za Zaire, chama kilipokuwa kimoja tu na hakuna aliyethubutu kukikatalia, mdogo wangu Mwamini alifika miaka mitano bila kutamka neno. Nilimshonea kitabu cha katoni chenye picha za maji, samaki, choo na mkeka. Alijifunza kuonyesha zote kwa kidole. Lakini shangazi yetu, tuliyeishi naye, alipomwekea samaki bila kuombwa, Mwamini alimwaga sahani. Akaitwa mkaidi, akabaki na njaa.

Nikachora mtoto anayesukuma sahani.

Shangazi akacheka: "Mutoto wa kaka! Sisi wakubwa hatukatae kitu mbele ya chama, sasa njo huyu mutoto atakataa?"

Kesho yake samaki alipoletwa, Mwamini alifungua ukurasa ule, akauweka mbele ya shangazi. Hakulia. Shangazi akautazama, akaondoa sahani, akaleta ndizi.

Anza na picha hiyo. Nyumbani mwetu, miaka ile, Mwamini ndiye wa kwanza kusema hapana waziwazi.

Babu yako, Kasuku