Nyuki Anageuka Kwanza

Walikale, mwezi wa tatu

Kwa mutoto wa kaka yangu Uwamwezi, kwenye université ya Kisangani,

Nakusalimia mimi baba yako mudogo Sebarenzi, mutu mwenye hata komanda wa hapa hatumi askari porini bila kumuuliza njia. Natumaini afya iko muzuri na masomo inaendelea. Sisi wakimbizi hapa kambini tungali tunapumua.

Barua yako niliisomea kambi muzima. Unasema munatengeneza roboti ndogo yenye kuruka na kurudi yenyewe kama nyuki, na professeur anauliza nyuki wetu wa Kalembe wanajuaje njia. Mumeuliza mwenye kujua. Mimi hao nyuki wananipigia saluti. Nyuki mupya akitoka mara ya kwanza, haendi moja kwa moja. Anageuka, anaangalia mulango wa muzinga, anazunguka, anaangalia tena akiwa mbali kidogo. Akishashika sura ya mahali, njo anaenda. Wakati wa kurudi analinganisha tu. Wekeni caméra yenye kuangalia nyuma, roboti haitapotea.

Sasa habari ya muke wangu, mama yako mudogo Libérata. Siku risasi zilianza Kalembe, yeye alikuwa kwenye mizinga, mimi barabarani. Nilikimbia na watu. Sikugeuka.

Jirani yetu Annonciata alipofika hapa, alisema alimuacha hai katika kibanda cha mizinga, muguu umevunjika, na mihogo ya siku ine, anauliza Sebarenzi anakuja lini. Vijana wawili wenye kujua njia walitaka kunisindikiza. Niliwajibu kama Sebarenzi haongozwi na watoto. Wakaenda zao kwenye machimbo. Leo ni siku ya kumi na moja tangu Annonciata amuache.

Niliondoka mara tatu kumufuata. Kila nikirudi nawaambia watu kama wenye bunduki walinizuia kwenye barrière yao ya barabarani.

Usalimie wenzako wote. Roboti yenu musinitumie, maana haikutokea kule Kalembe, haina cha kulinganisha.

Na hii usisomee mutu. Barrière haikuwako, Uwamwezi. Nilipotea. Miaka yote mulikuwa munaniona natangulia njiani mikono mitupu, Libérata nyuma na kitunga mugongoni. Ni yeye alikuwa ananiambia polepole: kushoto, mume wangu, sasa kuume. Mimi njia ya kwangu siijui.

Baba yako mudogo,
Sebarenzi